Goti Halikuhitaji Picha

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kuchukua majibu ya picha hospitalini, mtoto mgongoni. Mbele yangu walikuwa mama mmoja wa mtaa wetu wa Baba Dogo na mke wa mwanawe. Mke huyo kwa miezi mitatu amelalamikia kichwa na macho kuona ukungu.

Mama mkwe akamuuliza daktari aliyewaletea picha, kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Hiyo mashine yenu imeonyesha uvivu wake?"

"Hapana, mama. Mashine hutikisa kichwa taratibu na kupima ugumu wa ubongo. Wake umekaza kwa presha iliyo ndani ya fuvu. Tusipoanza dawa leo, anaweza kupofuka."

Mama mkwe akainua picha kwenye mwanga wa dirisha, ameigeuza juu chini. "Woi! Kumbe mtoto wangu anaumwa hivi!"

Huku kwetu mke akisema anaumwa huwa hajasema kitu, mpaka karatasi iseme.

Kisha mama mkwe akasugua goti. "Daktari, na hili mlipige picha. Kufua siwezi kabisa."

Yule mgonjwa, macho ameyafumba, akasema polepole, "Ya nini, mama? Goti lako nililiamini bila picha. Nguo zako nazifua kila Jumamosi."