Foleni ya Watu Wasiojuana

Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, jambo hilo hatujawahi kulimaliza. Lakini fika mtaa wa Jericho umuulize yeyote duka la misumari, mabati na simiti ni la nani. Nilianza na mkokoteni wa kuazima. Sikusaidiwa na mtu. Hili nimelisema kwenye harusi, kwenye matanga, na mara moja kwenye foleni ya maji, na hajatokea wa kunipinga, isipokuwa mama mmoja wa Makongeni, mke wa mtu wa reli, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Yeye aliniuliza, "Shemeji, na kitovu ulijikata mwenyewe?"

Mama huyo yumo katika chama cha akiba cha mke wangu. Kila Jumapili alasiri wanawake hao walikuwa wakikaa sebuleni kwangu wakinywa chai yangu. Kila mmoja alikuwa na biashara yake ndogo, au alikuwa akiiota. Mimi nilipita katikati yao nikiwapa mawaidha bure, mawaidha ambayo wengine wangeyalipia. "Kizuri chajiuza," niliwaambia. Walinyamaza mpaka nitoke. Heshima hiyo si ya kila mwanamume.

Mke wangu ni fundi wa cherehani. Miaka mingi aliwashonea watu mapazia katika karakana ya tajiri mmoja mjini, na jina lililokaa kwenye lebo lilikuwa la tajiri. Halafu akaamua basi. Akakodi kibanda kando ya soko la Jericho, akaingiza cherehani yake, akatundika gauni moja la kitenge dirishani. Tajiri akamwambia kiti chake kitabaki wazi hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo atakikalia mwingine.

"Nisipopata wateja mwezi huu nitarudi kule," aliniambia huku akipiga pasi. "Na nikirudi sitajaribu tena. Najijua."

Mtu kama mimi akisikia maneno hayo hawezi kukaa kitako. Nikamwambia nitakodi spika kubwa, na bango lenye picha yangu, maana sura inayojulikana mtaani ni yangu. Akanitazama kama anayepima kitambaa akaona hakitoshi.

"Siku ya kufungua usije," akasema. "Kaa na misumari yako."

Nikajua ni haya tu za mwanamke.

Siku yenyewe nikavaa koti nikaenda. Kwa mbali nikaona foleni. Foleni, na asubuhi haijaisha. Mbele alisimama yule mama wa Makongeni, sketi mkononi. Nyuma yake mama wa Majengo, muuza viungo, katika buibui lililonyooka, ameshika dera la kupunguzwa. Kisha jirani yetu wa mlango wa pili, muuza sukuma wiki, na suruali ya mumewe. Wote wa chama, na wote walikuwa wakigombana.

"Mama, mimi ndiye niliyefika kwanza," alisema wa Majengo.

"Ulifika wapi? Sikujui, hunijui, usinisukume," akajibu wa Makongeni.

"Fundi mzuri soko zima ni huyu mmoja," jirani yangu akadakia, "na nyinyi mnataka kummaliza peke yenu?"

Watu ambao hawajawahi kukosana hata kwa kijiko cha sukari. Wapita njia walikuwa wameanza kupunguza mwendo. Mwanamke mmoja mgeni, joho la kwaya mkononi, alikuwa ameshasimama akilichunguza lile gauni la dirishani, mshono kwa mshono.

Basi nikafanya nijualo. Nikainua mikono, nikatoa ile sauti yangu ya kuuzia mabati. "Karibuni nyote. Hawa mnaowaona ni watu wangu, chama cha mke wangu, nimewaleta kumpiga jeki."

 Mwenye joho akarudi nyuma hatua moja. Ndani, mke wangu alikuwa ameacha mguu juu ya pedali bila kuikanyaga. Hakunikasirikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kurudi mjini, amekaa kwenye kile kiti.

Mama wa Makongeni akageuka, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Mzee, unamtafuta nani?"

"Shemeji..."

"Shemeji ya nani? Tangu lini?"

"Ah, ni yule," mama wa Majengo akamweleza kwa upole. "Huzunguka soko akisema kila duka ni lake. Jana alikuwa kwa muuza kuku. Msimguse, masikini, naye ana watu wake."

"Na leo wamemvalisha koti," akasema jirani yangu, ambaye tulikuwa tumesalimiana mlangoni asubuhi ileile.

Watu wakacheka, wakasogea wapate kuona. Nikamgeukia mke wangu, mama wa watoto wangu. "Waambie."

Akanitazama. Akamtazama mwenye joho. "Baba," akasema kwa heshima zote, "kama huna nguo ya kushonwa, wapishe wateja."

Nikapisha. Mwenye joho aliniambia, "Pole, mzee, Mungu anakuona," kisha akasimama nyuma ya jirani yangu. Nyuma yake wakajipanga wengine, wale waliokuja kunicheka. Sasa nawauliza wanaosema sikumsaidia mke wangu: nani aliwasimamisha watu wale? Spika ya kukodi ingeweza?

Jioni alicheka mpaka akashika mbavu. Ndipo akanieleza kwamba chama ndivyo kinavyofanya. Mama wa Majengo alipoanza kuuza viungo, mke wangu alikwenda akagombania iliki mbele za watu kama mtu asiyemjua.

"Duka tupu watu huliogopa," akasema. "Kizuri hujiuza kikishaonekana."

"Na mimi?"

"Wewe, asubuhi hadi jioni, hunijui."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kwaya ichukue majoho iliyoagiza leo."

Nikawa napita mbele ya duka la mke wangu nikitazama mbele kama askari wa gwaride. Mwezi ukaisha, kile kiti cha mjini kikapata mtu mwingine. Siku hiyo nikapeleka suruali ya kukunjwa pindo, nikapanga foleni. Mbele yangu hapakuwa na hata mmoja wa chama. Nyuma yangu akaja yule mama wa kwaya, joho jipya begani.

"Afadhali leo umetulia, mzee."

"Nimetulia."

"Fundi huyu ni hodari," akaninong'oneza. "Nilimgundua mimi mwenyewe. Na unajua hana mtu? Hakusaidiwa na yeyote. Amejijenga mwenyewe."

Nikafungua mdomo nimwambie ni mke wa nani. Mama wa Makongeni alikuwa akipita na karai lake la omena. Akasimama, akaliteremsha, akanisubiri.

Nikamjibu mama wa kwaya kwamba watu wa namna hiyo wapo.

"Anayefuata," akasema mke wangu, chaki mkononi. Akapima pindo bila kuinua macho, akaniuliza jina kama amwulizavyo mgeni. Nikamtajia.

"Rudi Alhamisi."

Nilirudi Alhamisi.