Batoto yetu habana vichwa nzito, ni mvula juu ya manjanja

Bakubwa ba hapa, jambo. Niko Butembo. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu: mwenye atacheka acheke, mais asome mpaka mwisho. Hii maneno ilinipata mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi.

Sisi ni batu ba Beni, commune ya Mulekera. Vita ilitufukuza, tukakuya Butembo. Masika, mutoto yangu wa kwanza, akapokelewa ku masomo, shule ya hapa. Kwa hiyo nasema aksanti.

Mais masomo ilikuwa imejaa. Donc batoto ba hapa banasoma asubui, batoto ba déplacés, bale vita ilifukuza, banasoma nyuma ya midi, kuanzia muchana. Darasa ni ile ile, mwalimu ni ule ule.

Mwenye anajua Butembo ameisha elewa.

Asubui jua. Nyuma ya midi mvula! Na paa ni manjanja, mabati tupu bila dari.

Trimestre ya pili ilipoisha, directeur akaniita ku bureau.

"Mama Masika, mutoto atadubler, atarudilia darasa. Hawa ba déplacés bote. Vichwa yabo iko nzito, juu ya vita."

Vichwa nzito! Kule Beni Masika alikuwa anabeba place ya kwanza. Nilitoka pale na kasirani, hata kuaga sikuaga.

Ile wiki, batu ba université bakafika kufanya enquête: nini inafanya mutoto asome muzuri, nini inamurudisha nyuma. Kwangu alikuya madame moja mupole. Maswali yake weee! Muko na radio? Mutoto anakula mbele ya kwenda? Baba alisoma mpaka wapi? Muko na mbuzi?

Nikamuambia: "Madame, acha mbuzi. Ulishakaa mu darasa nyuma ya midi?"

Akasema hapana, bao banapitaka ku masomo asubui.

"Basi kuya kesho."

Akakuya. Hapo namupa heshima, wengine habangekuya. Tukakaa banchi ya nyuma. Mvula ikaanza.

Bakubwa, ni kama mutu anamwanga maharagi juu ya paa! Mwalimu anapandisha sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama, batoto banaangalia tu kinywa yake. Akachoka, akakaa. Batoto bakakunja mikono, bakangoja. Madame akaniuliza kitu, nami sikusikia.

Mvula ilipoisha, saa ya kurudi nyumbani ilikuwa imefika.

Madame akaenda kumuambia directeur ile aliona. Mutu wa université akisema, bureau inasikia, munajua vile iko. Bakaita réunion ya bazazi bote.

Nikasimama, mutoto mudogo mu mugongo: "Tupokezane. Mwezi moja sisi asubui, mwezi inafuata nyinyi."

Papa moja wa comité ya bazazi, mucuruzi mukubwa mwenye duka, akaruka: "Jamais! Na ile mvula, batoto yetu batasikia mwalimu namna gani?"

Batu bote bakageuka kumuangalia.

Nikasema: "Aksanti sana, papa. Rudilia kwa nguvu, directeur asikie."

Batu bakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, akafunika uso na kofia. Directeur akaangalia viatu yake. Tukainua mikono, zamu ikapita.

Na mwaka ilipoisha, Masika akapita! Si yeye peke yake, bale "vichwa nzito" bakapita bengi, bamama tukaimba mu cour mpaka sauti ikakauka.

Na ule papa? Zamu ya mvula ilipofikia batoto yake, yeye njo alikuwa wa kwanza kuleta mbao za plafond, ile dari ya kupunguza kelele.

Mimi nilijifunza hii: mutoto akishindwa, mbele ya kupima kichwa yake, ingia kwanza mu darasa yake, kaa saa ile yeye anakaa.

Kwenu nini inarudisha batoto nyuma? Andikeni. Na ba directeur benye bado banasema vichwa nzito, kuyeni nanyi, tubishane. Leo niko na nafasi: Masika yuko ku masomo tangu asubui.