Wateja wa Mbao kwenye Direct ya Yaya

Neno lililotuletea watazamaji sikulifikiria hata kidogo. Nilisumbuka nusu siku na neno jingine, «originales», yaani halisi. Je, si neno la kujivuna? Watu hawatadhani kwamba michoro tuliyowahi kuonyesha mwanzo ilikuwa bandia? Nililifuta, nikalirudisha, nikamuuliza mama, naye akaniambia nimwache achambue mchele. Kuhusu «planches» sikujiuliza chochote. Wachoraji wa katuni huita hivyo ukurasa mmoja wa hadithi uliochorwa kwa mkono, wenye alama za penseli chini ya wino. Yaya wangu alikuwa nazo nyingi, amezifunga ndani ya kitenge juu ya kabati. Tangazo letu lilisema: Jumamosi saa tisa, planches originales, hapa Kisangani, bei ya kuelewana. Nikalituma kwenye kila kundi la kuuza na kununua nililolijua.

Yaya, ndivyo tunavyomwita kwetu kaka au dada mkubwa, na huyu ni dada. Anachora visa vya mzee mmoja wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, ambaye hakubali kwamba pikipiki zimechukua mji. Mzee huyo hubeba chochote: kitanda, mbuzi, bibi harusi aliyechelewa. Tangu utoto wetu yaya anachora, na tangu utoto wetu mimi ndiye msomaji wa kwanza. Kwa hiyo nilipomaliza chuo kikuu, idara ya mawasiliano, na kazi haikuonekana, nilijipa kazi ya kumuuzia michoro yake moja kwa moja kwenye mtandao. Hapa kwetu tunasema kufanya direct.

Direct zetu za kwanza zilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mimi nilisimama mbele ya simu nikaeleza aina ya karatasi, aina ya wino, na nafasi ya katuni katika jamii. Yaya aliketi pembeni akitazama mikono yake. Watazamaji walikuwa binamu yetu wa Kinshasa na simu yangu ya pili. Mara moja aliingia mtu wa tatu, akaandika «Sauti haiko», na kabla sijamaliza kurekebisha sauti akatoka. Nilimfikiria mtu yule wiki nzima.

Wiki hiyohiyo tonton, yaani mjomba wetu, akafika kutoka Bafwasende. Ni mdogo wake mama, mtu wa Butembo kwa asili, na huko Bafwasende ana duka linalouza sufuria, betri na sabuni kwa wachimba dhahabu. Mke wake alikuwa amejifungua, na tonton alitaka mtu wa familia wa kukaa dukani. Alikuja kumchukua yaya. Hakuwa na ubaya wowote. Aliamini anamtoa kwenye shida, na alizungumza naye kwa upole, akimwita mama kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa wao wa kike.

«Mama, ku Bafwasende utachoraka pia,» alimwambia tukiwa mezani. «Bateja bakipunguka, unachora.»

«Bateja yako banapungukaka, tonton?»

Tonton akafikiri. «Hapana,» akasema kwa haki.

Yaya akaweka kijiko chini. Ndiye aliyependekeza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mwisho: tufanye direct moja tena Jumamosi. Ikiuzika hata planche moja, anabaki na kalamu zake. Isipouzika, Jumatatu anapanda lori pamoja na tonton, na hatamlilia mtu. Mama akakubali. Tonton akakubali, tena akaongeza kwamba atakuwepo kutazama, asije akaambiwa baadaye kwamba alikataa kuona.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Nilitundika kitenge ukutani, nikakitoa kwa sababu maua yake yalikuwa makubwa kuliko michoro, nikakitundika tena. Saa tisa nikafungua direct, nikasema «Mesdames et messieurs», na namba ya watazamaji ikaanza kupanda. Nilidhani simu imeharibika. Ilipanda, ikaendelea kupanda, na maneno yakaanza kumiminika chini ya kioo.

«Planche iko ya muti gani?»

«Lifaki ao iroko?»

«Munafikisha mpaka ku Lubunga?»

Nilifurahi kwamba mwishowe watu wanauliza maswali ya kiufundi. Nikajibu kwamba ni karatasi nzito, inayovumilia wino.

«Karatasi ni muti gani?» mmoja akaandika.

Mwingine akamjibu: «Ni muti mupya, inatokaka ku Bafwasende.»

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika mji wetu, ambako malori ya mbao za lifaki na iroko hupita kila siku, planche ni ubao. Nilikuwa nimewaita wateja wa mbao wa Kisangani nzima. Nikaanza kutunga kichwani namna ya kuomba radhi, kwa Kifaransa kwanza, halafu nikaona Kifaransa kitawaudhi zaidi. Mkono wangu ulikwenda kuzima simu. Nyuma yangu yaya alikuwa ameinuka, anakunja kitenge juu ya kurasa zake.

Tonton alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri chai.

«Unazima juu ya nini?»

«Tonton, hawa batu banatafuta mbao.»

«Bameshaingia?»

«Ndiyo, lakini—»

«Bon. Sogea, Monsieur le licencié,» akasema, jina alilonipa tangu nipate digrii.

Akafanya ishara ya msalaba, kama afanyavyo kila asubuhi akifungua duka, akavuta kiti mbele ya simu. Alisogea karibu mno.

«Papa, rudi nyuma kidogo,» mtu akaandika, «tunaona mapua tu.»

Akarudi nyuma. «Mbao haiko,» akasema. «Nawaambia ukweli, juu mi ni mufanya biashara, hapana muongo.»

«Mufanya biashara na muongo, kumbe ni batu babili tofauti?» akaandika mwingine, na tonton akacheka mpaka akashika tumbo. Nilingoja watazamaji watoke. Hawakutoka.

«Mama,» akamwita yaya, «leta ile ya toleka na mbao.»

Kumbe alikuwa amezitazama zote, siku zile ambazo sisi tulidhani analala kwenye kochi. Katika ukurasa ule mzee wa toleka amebeba mbao ndefu amezilaza kwa upana, na anakata kona sokoni. Nyanya zinaruka, kofia ya polisi inaruka, kamba ya nguo inakwenda na nguo zake. Tonton akauinua mbele ya simu akaanza kusoma maneno ya wahusika. Polisi alipewa Lingala ya ukali. Mama muuza nyanya alipewa sauti nyembamba ya kutukana.

«Tonton,» yaya akasema, «ule mama hatukani. Anaogopa.»

«Anaogopa nini?»

«Anaogopa mbao itarudi.»

«Alors soma weye.»

Sauti ya yaya ilikuwa haijawahi kusikika kwenye direct hata moja. Alisoma mstari wa kwanza polepole. Wa pili akausoma kama mama yule mwenyewe, amejikinga kichwa kwa sinia, anamwomba mzee asigeuke tena, na mzee anageuka aombe msamaha. Chini ya kioo vicheko vilijaa. Mimi nilikuwa nimeshika simu, mkono unauma, najiuliza kama hatuidhalilishi sanaa, kama ni halali kuwacheka watu waliokuja na shida ya kuezeka nyumba. Halafu nikatazama uso wa yaya, nikaacha kujiuliza kwa muda.

Seremala mmoja wa Mangobo, hapahapa mjini, ndiye aliyeanza kutafuta bei. Aliandika kwamba ubao wa chini, pale kwenye mchoro, una ufa.

«Ufa ni ya bure, papa,» tonton akamjibu. «Weye lipa mbao tu.»

Wakavutana. Tonton alishika kichwa, akageuka kama anayeondoka, akarudi. Seremala aliaga, kisha akaandika tena. Wengine wakachagua upande. Walipoelewana, seremala akaandika neno moja: «Bakisa.»

Sokoni kwetu hakuna anayenunua bila neno hilo. Muuzaji akishapima unga, mnunuzi haondoi mfuko mpaka aongezewe konzi. Lakini unaongezaje kwenye mchoro? Nilikuwa naanza kutafuta jibu la heshima, yaya akachukua kalamu.

«Unataka nikubakishie nini, papa?»

«Unichore miye, niko nakimbiza ile toleka.»

«Uko munene ao mwembamba?»

«Mwembamba.»

«Muongo,» wakaandika watu watatu kwa pamoja, ambao kumbe walimfahamu, na mmoja akasema apewe tumbo la kutosha. Nikashusha simu juu ya mkono wa yaya. Mistari ilitoka: mgongo, kandambili moja imebaki nyuma, tumbo, msumeno umeinuliwa hewani. Watu walikuwa wanamwelekeza, wanabishana kuhusu masharubu. Alipomaliza, seremala akaandika: «Ni miye kabisa. Nitaiweka ku atelier, kule nakatiaka mbao.» Baada yake wengine wakataka za kwao, na kila mmoja alitaka kubakishiwa kitu: mke, mbwa, jirani anayemdai. Mtu aliyeko mbali, ng'ambo, akaomba achorewe tu mti ulioko mbele ya shule yake ya zamani.

Nilipozima, chai ya tonton ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyohivyo. Yaya alikuwa anaosha kalamu ndani ya kopo, na aliziosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

«Tonton,» akasema, «unisamehe.»

«Nikusamehe nini? Tumeuzisha.» Alikuwa bado na tabasamu la sokoni. Likaondoka polepole. Akatazama kopo, akatazama kitenge kilichobaki chepesi, akaweka kikombe chini. «Ah, bon,» akasema.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza tonton kwenye lori, nimebeba begi lake. Njia nzima nilitaka kumuuliza kama alijua alichokuwa anafanya alipovuta kile kiti, na kila nilipopata maneno niliona yanaweza kumwumiza. Tukiwa kando ya gurudumu, mke wake akapiga simu, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

«Muko njiani na mutoto wa dada yako?»

«Hapana. Anabaki.»

«Nani alimuzuia?»

Tonton akatazama matope ya gurudumu. «Ni miye,» akasema.

«Sasa unaniletea nani?»

Akageuka akanitazama, kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka. Nilianza kufikiria sufuria zote ambazo ningelazimika kujua bei zake.

«Hapana, huyu hapana,» akaiambia simu. «Huyu muteja akimuuliza bei, anafikiri kwanza.»

Akanipokonya begi, akanishika bega kwa nguvu, akapanda.