Ukurasa Uliofagia Mara Mbili

Kabla ya kuketi mbele ya kompyuta, fundi wa programu wa zahanati yetu ya komini, yaani mtaa, uitwao Kenya alikuwa akifuta kiti kwa kiganja, hata kikiwa safi. Ukurasa wa kadi za wagonjwa aliutengeneza vivyo hivyo: kila ulipofunguka, ulisafisha visanduku vyote na kujaza tarehe ya leo kabla mimi muuguzi sijagusa kitu. Siku moja niliandika kwamba mtoto fulani asichomwe penisilini, nikapita kwenye ukurasa wa dawa, na niliporudi maneno hayakuwapo. Ni kumbukumbu yangu tu iliyozuia sindano.

“Ni miye, Mama,” alisema fundi nilipomwonyesha, akikiri kosa. “Haiko mashini.” Vidole vyake, vilivyozoea kuchezea kifuniko cha biki, vilikuwa vimetulia. Akaongeza mstari mmoja wa amri, akanitaka nitoke na kurudi kwenye ukurasa mara ishirini, na kila mara maneno ya mtoto yalibaki. Sasa amehamia mji wa Kolwezi. Kile kiti nakifuta mimi. Siku ya kuagana nilimuuliza kama naweza kuuamini ukurasa wake.

“Fungua tu, Mama. Niliisha kuiambia: muntu akishaingia, usifagie tena.”