Sifuri za Mbele

Nilikuwa mwalimu mkali, sifichi. Darasa la nne pale Mabawe walinijua: ukiandika namba ovyo, utasimama uisome mbele ya wenzako mpaka uone aibu ya mwaka mzima. Fimbo sikuipenda sana. Ulimi wangu ulitosha.

Kilichonitoa jasho ni thamani ya nafasi. Tulikata mabua ya mtama, tukayafunga kumi kumi kwa kamba za mgomba, na mafungu kumi tukayatia kikapuni yakawa mia. Mpaka hapo walielewa. Lakini nikisema mia tatu na saba, waandike, nusu ya darasa waliniandikia thelathini na saba, kwa sababu vikapu vipo, mabua yapo, na mafungu ya kumi hayapo, sasa waandike nini? Nikapiga kelele wiki tatu nzima: nafasi isiyo na kitu, weka sifuri! Nikachora ubaoni nafasi sita, kutoka mamoja hadi malaki, ili wazione.

Basi wakanitii kupita kiasi. Ishirini na tano ikaja na sifuri nne mbele, eti kwa sababu nafasi zilikuwa wazi. Lo! Nikatupa chaki. Nikawatungia kibwagizo, mimi nauliza, wao wanajibu.

"Sifuri ya katikati?"

"Ni mlinzi, mwache!"

"Sifuri ya mbele?"

"Haina thamani, futa!"

Walikiimba mpaka njiani wakienda kuteka maji. Wengine walisema "sifuli", nami nikawaacha, maana hata mimi nyumbani kwetu ndivyo tulivyosema.

Katika darasa hilo alikuwamo binti mmoja wa ng'ambo ya mto. Watu walikuwa wamevuka kwa wingi wakikimbia vita, wengi wakiwa kambini, lakini yeye na shangazi yake walipewa kibanda na jirani yangu, nao wakamsaidia kulima. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu, kwa hiyo tulielewana bila shida. Kiswahili alikuwa anajifunza palepale darasani, huku akinitazama mdomo. Alikuwa mtoto wa kutii. Ningemwambia ale chaki, angekula.

Siku moja nikawaagiza kila mtu aje na namba kubwa kutoka nyumbani, yoyote iliyoandikwa mahali popote. Mmoja alinakili namba ya baiskeli ya baba yake, mwingine alikuja na kipande cha gunia la mbolea. Binti yule akatoa kikadi kilichofungwa kwenye nailoni. Kilikuwa na namba kwa kalamu ya wino, na mbele yake sifuri.

"Soma," nikasema.

Akaanza, "Sifuri..."

"Sifuri ya mbele?" nikadakia, na darasa zima likanguruma, "Haina thamani, futa!"

Akarudi kwenye dawati, akachukua wembe wa kuchongea penseli, akakwangua wino polepole, kwa unadhifu, kama nilivyowafundisha kufuta makosa daftarini. Kisha akasimama akasoma: elfu nne mia sita kumi na saba. Sawasawa kabisa. Nikaamuru apigiwe makofi. Sikumuuliza kikadi kile ni cha nini. Mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Kilikuwa cha mdogo wake. Walipokuwa wakivuka, mtoto wa kike wa miaka mitatu aliponyoka mkononi mwa shangazi katika msongamano, akaokotwa na watu wengine. Ofisi ya watoto waliopotea ilikuwa imempata na kumwandikisha, na kikadi kile ndicho wangekwenda nacho kumchukua watakapoitwa. Shangazi ndiye aliyenieleza haya, siku alipokuja kuniomba niwasindikize kambini kwa sababu Kiswahili cha ofisini kilimshinda. Nilikubali kwa furaha, wallahi. Njia nzima binti alikuwa akiruka-ruka mbele yetu.

Karani alitazama kikadi, akafungua daftari, akamtuma mtu. Akaletwa mtoto amepakwa mafuta, amevalishwa gauni safi, maana alikuwa ameambiwa dada yake amekuja. Akakimbia moja kwa moja, akamkumbatia binti miguuni.

"Siye," binti akasema.

Mtoto hakuachia. Walimbandua kwa nguvu, na kilio chake sitaki kukisimulia.

Karani akakigeuza kikadi kwenye mwanga. "Hapa palikwanguliwa. Palikuwa na nini?"

Nikamwambia palikuwa na sifuri. Akashusha pumzi. Namba isiyo na sifuri mbele ni ya kituo hiki, akasema. Yenye sifuri moja ni ya kituo kingine, ambacho watoto wake wamehamishiwa Biharamulo. Yenye sifuri mbili ni ya watoto waliokwisha kurudishwa ng'ambo. Majina hayakusaidia, kwa sababu watoto wadogo hivyo walijitaja kwa majina ya kubembelezwa, na wenye jina lile walijaa tele.

"Zilikuwa ngapi?"

Shangazi hakujua kusoma. Binti alinitazama mimi. Nami niliyekiona kikadi kile kwa macho yangu, niliyejifanya bingwa wa nafasi, sikukumbuka. Niliona sifuri nikakasirika, basi, sikuzihesabu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Karani akaandika barua mbili, moja huku na moja kule. Hazikujibiwa upesi, na kabla ya majibu ikaja amri ya watu wa ng'ambo kurudi kwao. Shangazi akafunga mzigo wake. Akaniambia kwamba kama mtoto yuko Biharamulo, atamwacha binti kwangu angoje jibu la barua, na kama yuko ng'ambo wataondoka wote. Ila yeye mwenyewe hakuweza kuchagua. Alisema mwenye kujua namba ni mwanafunzi na mwalimu wake.

Nikawakuta barabarani, watu wakipita na magodoro na masufuria kichwani. Binti akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekumbuka," akasema. "Zilikuwa mbili. Eti, mwalimu?"

Mtoto anayejua jibu halisemi hivyo. Nimefundisha miaka mingi, nayajua macho ya mwanafunzi anayelitafuta jibu usoni mwa mwalimu. Nilipaswa kumwambia sijui. Lakini shangazi alikuwa anangoja, askari walikuwa wanahimiza, na mtoto huyu hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo shangazi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Zilikuwa mbili."

Akatabasamu kama siku ile ya makofi, akajitwisha kifurushi chake, akaenda.