Bwana Yangu Alianika Bitambaa bya Mama Mukwe Wake

Admin, ficha jina yangu, hapa Kimemi, mu Butembo, batu tunajuana.

Miye niko mwanamuke wa miaka makumi ine na tatu, niko na bwana na batoto batano. Mwaka uliopita mama yangu alikimbia Kamango juu ya vita, akakuya kwangu. Ni mujane, iko na miaka makumi saba na moja. Nilifurahi sana, kumbe mama alikuwa anaficha kitu: mikojo inamutoka peke yake. Akikohoa, inatoka. Akisimama mbio, inatoka. Mbele afike ku choo, kikwembe yenye amevaa imekwisha kulowana.

Sasa mutu wa kwetu anajua vile mama mukwe na mukwe wake banaheshimiana. Mama analala mu kanyumba ka inyuma. Bwana yangu akitaka kupita kule, anapiga kwanza hodi ya mbali ili mama ajifiche. Kula pamoja, hapana. Na bitambaa byenye anavaa juu ya mikojo, mukwe abione? Mama anasemaka afazali kufa.

Mwanzo nilifanya ujinga. Nilimunyima maji. Ikifika saa kumi, hata chai hapana. Nilizani namusaidia! Mikojo ikakuwa kidogo lakini kali, ikamuchoma, akapata homa na bidonda ku mapaja. Ku santé, kule kwa matibabu, muuguzi alinigombeza mbele ya batu: "Mama, unataka kumukausha muzazi wako? Anywe maji! Umupeleke choo kila masaa mbili, hata akisema hana haja. Akaze kule chini sawa mutu anazuia mikojo, ahesabu tano, aachilie. Na bitambaa bikauke ku jua, bila vile bidonda habitaisha."

Tulijaribu yote. Choo, sawa. Kukaza, siku ya kwanza alicheka mpaka ikatoka, lakini anafanya. Ni jua njo alikatala. "Ku jua? Mu kiwanja, mu parcelle ya mukwe wangu? Weye uko na akili?" Basi naanika chini ya kitanda, na Butembo hii ya baridi na mvua, bitambaa binakaa siku tatu binanuka tu. Bidonda ku mapaja bikaongezeka. Nilichoka, jamani! Kila asubui nalalamika ku bwana yangu, mpaka masikio yake ikajaa. Hapo nakubali kosa yangu.

Juma iliyopita jua ikawaka. Miye niko ku soko. Bwana yangu ni mutu mupole, lakini ile kichwa yake! Akaona beseni ya bitambaa bya mama inyuma ya jiko, akafua bitambaa byote na sabuni, akaanika ku kamba katikati ya parcelle. Mwanaume! Saa ya mama ya choo ikafika, akatoka, akakuta mukwe wake anashika kitambaa yake mu mikono.

Nilipofika, mama amejifungia. Bwana yangu amekaa ku kiti, ananiuliza: "Mama ya batoto, nimekosa nini? Kila siku unaimba jua, jua, jua." Nilimutukana. Kisha nikalia, juu bitambaa bilikuwa bimekauka muzuri, mara ya kwanza tangu mama afike.

Toka siku ile mama hali chakula ya hii nyumba. Toka jana maji pia amekatala, sasa yeye mwenyewe. Baba mukubwa wa upande wetu alisema bwana atoe mbuzi ya kuomba pole, njo desturi, na bwana amekubali. Mama akajibu: "Ile mbuzi itafuta ile macho yake iliona?" Amefunga mizigo. Anasema afazali risasi ya Kamango kuliko haya hii, na kesho asubui anapanda gari ya Beni, arudie Kamango. Kule hakuna mutu wa kumufulia, hakuna hata wa kumuokota akianguka.

Ninyi benye mumetunza bazazi, mujibu leo, hapana kesho. Nasimama ku mulango wake na kikombe ya maji, hafungui. Nimwambie neno gani?