Stuli ya Mbao za Sinema

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa fundi wa mbao, nikirekebisha viti vya sinema moja ya Wahindi huko tauni. Sikusoma sana, lakini nilikuwa na daftari la kuandika mambo ya kila siku, kwa hivyo kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Kongo, Kawangware, majirani waliniita karani.

Siku moja mwenye sinema alinipa gazeti kuukuu la filamu nifungie misumari. Ndani nikaona habari za waandishi wa magazeti kule India. Zamani, kabla sisi hatujajua sinema ni nini, walikuwa wakikaa pamoja, wanapigia kura filamu na waigizaji, halafu wanatoa tuzo. Wenye filamu hawakuchagua, waliochagua ni wale walioandika. Kama nilielewa vizuri. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha.

Niliwasomea majirani, wakasema na sisi tutoe tuzo. Waigizaji wako mbali, basi apewe msimuliaji. Wengi wetu hatukuwa na pesa ya tiketi, kwa hivyo Jumapili mchana aliyeona picha, yaani filamu, aliwasimulia wengine uani. Wasimuliaji walikuwa wawili, fundi wa nguo na mama wa uji. Aliyeandika nilikuwa mimi peke yangu, kwa hivyo wakasema nichague mimi. Nikatengeneza stuli ya tuzo kwa mbao za kiti cha sinema kilichovunjika.

Fundi wa nguo alianza. Alisimulia yote kwa mpangilio, kama mtu anatoa ushahidi kortini. Watoto wakasinzia. Mama wa uji akasimulia picha hiyo hiyo na watu wakalia, mimi pia. Lakini katika hadithi yake, mama mzazi wa shujaa wa picha, aliyekuwa mgonjwa, alipona. Mimi niliiona picha hiyo nikiwa kazini. Alikufa.

Nikauliza mbele ya watu, "Mama, wewe uliingia ndani?"

"Niingie na nini, karani? Niliona zile picha zimebandikwa mlangoni, nikasikia nyimbo kutoka nje. Ingine nikajaza."

"Sasa huo si uongo?"

"Na hayo machozi yako ni ya uongo?"

Watu wakacheka. Nikafikiri wale waandishi wa India hawangempa tuzo mtu ambaye hajaona. Nikampa fundi stuli.

"Aah, karani, mpe mama," fundi akasema. Nikakataa. Sijui kama ilikuwa haki au ni kile kicheko kiliniuma. Daftari langu limeandikwa tu, "Fundi ameshinda."

Mama hakusimulia tena. Jumapili aliuza uji, akaosha vikombe, akaingia kwake. Fundi alijaribu wiki tatu, watu wakapungua, stuli ikawa ya kuwekea pasi.

Baadaye ilikuja picha mpya. Nikamwuliza mama wa uji itaisha aje. Alinijazia kikombe mpaka juu kama kawaida, hilo lazima niliseme.

"Kamuulize mwenye stuli," akasema.